Dirisha Ndani ya Jicho

Sehemu ya tisa

Kurasa za michezo zitakusubiri, msomaji. Tulimwacha Mchoraji sebuleni kwa mama yake, simu ya Mama mkononi, vidole viwili vikiivuta picha ya mdogo wake ili ikue. Jicho la kushoto likajaa kioo kizima cha simu. Na ndani ya jicho hilo palikuwa na dirisha.

Halikuwa dirisha la kawaida. Lilikuwa na vioo vinne. Vitatu vinang'aa, kimoja cheusi.

Mchoraji alilijua dirisha hilo. Ni la karakana yake. Kioo cha nne kilivunjika miaka mitatu iliyopita, akakiziba kwa kipande cha boksi, akaapa kuweka kipya Jumamosi. Jumamosi hiyo bado iko njiani.

"Mama," akasema. "Hii picha Chiriku ameituma lini?"

"Ijumaa iliyopita. Si kila Ijumaa anatuma? Mbona umebadilika sauti?"

"Kutoka wapi?"

"Kutoka huko aliko! Kazi yako wewe ni kunichorea mtoto wangu nimtundike ukutani, karibu na baba yenu. Maswali kamuulize mwenyewe."

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita liliazimwa na jirani likageuka karatasi ya kufungia vitu: Chiriku ni kitindamimba wa nyumba hii. Ni msusi, ana miaka ishirini na minne, na jina hilo alipewa kwa sababu hanyamazi. Miezi saba iliyopita alipata kazi saluni katika mji mkubwa ulio mwendo wa siku mbili kwa basi. Tangu hapo Mama anaishi kwa kusubiri Ijumaa.

Mchoraji akarudi kwenye picha za nyuma. Chiriku stesheni, kando ya treni. Akaivuta: dirisha. Chiriku kwenye ngazi za jengo refu: dirisha. Chiriku katikati ya bustani, amezungukwa na majani, hakuna ukuta, hakuna paa, juu ni mbingu tupu. Akaivuta hiyo polepole, akiomba Mungu.

Dirisha. Katikati ya uwanja wazi.

Nywele za kisogoni kwake zikasimama moja moja, kwa nidhamu, kama wanafunzi paredi ya asubuhi.

"Mama, naiazima simu yako. Nitachora nikiangalia humu."

"Uirudishe kabla chaji haijaisha! Na usijibu mtu!"

Kutoka kwa Mama hadi karakana ni dakika tano kwa miguu. Mchoraji alitumia mbili, viatu mkononi. Kichwani mwake kulikuwa na wazo moja tu: picha hizi zimepigwa kwangu. Chiriku hajaenda mbali. Chiriku amekaa kwenye stuli yangu, akatazama dirisha langu, na mtu amempiga picha.

Akalijaribu kufuli mara tatu ndipo likakubali.

"Chiriku?"

Akachungulia chini ya meza, ndani ya kabati la rangi, nyuma ya mlango. Hakukuwa na mtu ila Mkuu wa Shule, naye alikuwa wa rangi ya mafuta: picha ya kimo cha mtu mzima iliyoagizwa na bodi ya shule, imeegemezwa ukutani, pua bado mbichi. Mkuu alimtazama Mchoraji kwa jicho la mtu anayejua nani aliyepiga kengele ya uongo.

Na ndani ya jicho la Mkuu palikuwa na dirisha. Vioo vitatu vinang'aa, kimoja cheusi.

Mchoraji akaganda.

Akageukia picha nyingine. Muuguzi mkuu wa zahanati: dirisha. Bibi harusi wa mwezi uliopita: dirisha. Bila shaka! Kila mteja huketi kwenye stuli ileile akitazama mwanga uleule, na Mchoraji huchora anachokiona. Hata marehemu, ambao familia huleta tu kipicha cha kitambulisho, mkono wake umezoea kuwawekea dirisha hilo machoni ili waonekane wako hai.

Mkono wake umezoea. Na mkono wake ulikuwa na mwanafunzi.

Akaitazama kompyuta iliyo pembeni.

Miezi minane iliyopita, yeye na mumewe walianza majaribio na programu ya akili mnemba, ile inayochora picha kwa kuandikiwa maneno. Waliilisha picha zake zote mia nne, ijifunze mkono wake. Wakaibatiza jina Mwanafunzi. Mchoraji aliiagiza mitaa, mawingu, mapaa ya mabati baada ya mvua. Nyuso hakuwahi kuiagiza hata siku moja. Nyuso alitaka zibaki zake.

Akakaa. Akakosea kuandika mara mbili. *Mwanamke yeyote, bustanini, ionekane kama imepigwa na kamera.*

Mwanafunzi akafikiri. Kisha akaja mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa, anatabasamu kati ya majani, kila jani mahali pake, huwezi kumtofautisha na jirani yako. Mchoraji akamsogelea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

Dirisha.

Mwanafunzi mwema huyu alikuwa ameiga kila kitu cha mwalimu wake, hadi boksi.

Basi Chiriku hakuwahi kuketi kwenye stuli. Hakuwahi kusimama kando ya treni ile wala kwenye ngazi zile. Picha za Ijumaa zilizaliwa humu ndani, mezani pake, pembeni ya kikombe chake cha brashi.

Akafungua orodha ya maagizo ya zamani. Ilishuka, ikashuka, ikazidi kushuka.

*Msichana wa picha nilizoweka, kovu dogo kidevuni, anatabasamu, nyuma yake treni.*

*Msichana yuleyule, bustanini, mwenye furaha.*

*Msichana yuleyule, mwenye furaha zaidi.*

Maagizo ishirini na moja. Yote Ijumaa, yote saa saba mchana, saa ambayo Mchoraji hufundisha darasa la kuchora upande wa pili wa mji. Leo darasa lilifutwa. Na leo, ukiangalia kalenda yako, ni Ijumaa.

Saa ya ukutani ilionyesha saba kasoro dakika moja.

Nje, funguo zikalia.

Mchoraji aliruka nyuma ya turubai la Mkuu wa Shule. Kwa kumbukumbu zangu, ni mara ya kwanza mkuu wa shule kumficha mtu anayemkimbia mwingine badala ya kumtoa kwa sikio.

Mlango ukafunguka. Hatua zikaja, za pole, za mtu aliyezoea. Kiti kikalia. Mchoraji akasogeza jicho ukingoni mwa turubai.

Alikuwa mume wake.

Mume wake, fundi wa miwani, mtu mpole anayeomba radhi akigongana na meza. Mtu ambaye kazi yake kutwa nzima ni kutazama ndani ya macho ya watu. Aliandika kwa vidole viwili, akisoma kwa sauti ya chini kama kawaida yake:

"Msichana yuleyule... gauni jeupe la hospitali... amelala kitandani... macho yamefumbwa."

Mchoraji akauma kiganja chake asipige yowe.

Fundi wa miwani akasubiri. Akatazama kilichotokea. Akafuta machozi kwa ncha ya shati. Akatoa simu ndogo mfukoni, simu ambayo mkewe hakuwahi kuiona, akabonyeza.

*Ting!*

Simu ya Mama ililia. Mkononi mwa Mchoraji. Nyuma ya Mkuu wa Shule.

Fundi wa miwani akaruka, kiti kikaanguka. Akalitazama turubai. Kwa sekunde nzima aliamini kuwa Mkuu ndiye aliyepokea ujumbe.

"Nani hapo?"

"Mkeo," akasema Mchoraji akitoka, rangi mbichi ya pua ya Mkuu imempaka begani. "Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Mke wangu, ngoja—"

"Usinisogelee! Yuko wapi? Kwa nini amelala?"

"Hajalala! Yaani, sijui. Hiyo ni picha tu."

"Najua ni picha tu! Zote ishirini na moja ni picha tu! Mtu yuko wapi?"

Fundi akakaa sakafuni, kwa kuwa kiti hakikuwepo tena mahali pake.

"Sijui," akasema. "Wallahi sijui. Ndiyo shida yenyewe."

Akaeleza, na alieleza vibaya, akirukaruka. Miezi mitano iliyopita Ijumaa moja ilipita bila picha. Mama alishinda na simu mapajani, hakula. Daktari alikuwa ameshasema kuhusu moyo wa Mama: asipewe mshtuko. Fundi alipiga namba ya Chiriku, imezimwa. Kesho yake, imezimwa.

"Nikasema atawasha. Chiriku! Atakaa bila simu siku ngapi? Nikanunua laini mpya, nikaihifadhi namba yake kwenye simu ya Mama kwa jina la Chiriku, nikamwambia Mama kuwa Chiriku kabadilisha namba. Nikatuma moja tu. Moja, ya kumvusha Mama wiki ile. Mama akala vizuri. Ijumaa nyingine ikaja."

"Na mimi hukuniambia."

"Wewe ungemwambia Mama. Uso wako hauwezi kuficha kitu, tangu tuoane."

"Na hii ya leo? Hospitali?"

Fundi akatazama mikono yake.

"Nilitaka aanze kuumwa. Kidogo kidogo. Ili siku Mama akiambiwa..."

Msomaji, mimi nimeshiriki mizaha mingi ambayo haikufaa kuandikwa gazetini, lakini hapa hata mimi nilishindwa kucheka. Mtu huyu mpole alikuwa anapanga kumuua shemeji yake kwa awamu, Ijumaa hadi Ijumaa, kwa huruma.

Mchoraji alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwanzo, na hiyo ilimtisha mumewe zaidi ya kelele.

"Unajua umefanya nini? Angenyamaza wiki mbili tu, tungepanda basi. Mimi, wewe, majirani. Tungegonga kila mlango wa mji ule. Miezi mitano hakuna aliyemtafuta mtoto wetu, kwa sababu kila Ijumaa wewe ulimfanya atabasamu."

Fundi wa miwani aliinamisha kichwa.

"Nilikuambia usijibu mtu, sikusema usirudishe simu!"

Wote wawili wakageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anahema, mkono kifuani, kanga moja begani na nyingine inaburuta. Alitazama kiti kilichoanguka. Akamtazama mkwe wake sakafuni.

"Kuna nini? Mkwe wangu, umedondoka?"

"Hapana, Mama. Nimekaa."

"Sakafuni?"

"Kuna ubaridi mzuri, Mama."

Fundi alikuwa mwongo mbovu sana wa ana kwa ana. Mchoraji akaificha simu mgongoni, maana picha ya Chiriku aliyelala ilikuwa imejitokeza kwenye kioo chake. Akaifunga kwa kidole gumba bila kuiona.

Ndipo simu ikaanza kuita.

Namba ngeni. Namba ya mji ule.

"Lete," akasema Mama.

"Mama, acha mimi—"

"Lete simu yangu, nimesema!" Akainyakua. Mama hupokea simu zote kwa sauti ya nje, anasema sikio lake halitaki kubanwa. "Halo! Nani mwenzangu?"

"Habari za mchana, mama." Sauti ya mwanamume, kavu, iliyopangwa. "Mimi ni mpelelezi wa polisi. Nazungumza na mama mzazi wa msusi aliyepanga nyumba ya ghorofa karibu na stesheni?"

"Ndiye mimi."

"Miezi mitatu iliyopita, mama mwenye nyumba alikupigia kukuuliza kama binti yako amerudi kwenu, maana alikuwa hajalala chumbani kwake kwa wiki nyingi. Ni kweli?"

Mchoraji akamwangalia Mama. Mama hakumwangalia mtu.

"Ni kweli."

"Ukamjibu binti yuko salama, ukamtumia na picha. Yuko stesheni, kando ya treni. Kwa picha hiyo, sisi tulifunga jalada."

Fundi wa miwani alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa tumboni.

"Sasa tumelifungua tena," mpelelezi akaendelea. "Nataka jina moja tu. Nani alipiga picha hiyo? Maana kwa hesabu zetu, huyo ndiye mtu wa mwisho kumwona binti yako akiwa hai."

Neno hilo la mwisho lilikaa chumbani. Mchoraji alisogea karibu na Mama, mikono wazi, tayari kumdaka. Mume wake alikuwa anatikisa kichwa: hapana, usiseme, moyo, moyo. Mchoraji alimwona. Akafikiria mtaa mmoja wa mji wa mbali ambako hakuna mtu anayemtafuta mdogo wake.

"Hakuna aliyeipiga," akasema kwa sauti, kuielekea simu. "Picha hiyo imetengenezwa. Zote zimetengenezwa, hapa, na kompyuta yangu. Chiriku hajatutumia kitu miezi mitano. Mtafuteni. Tafadhali, mtafuteni."

Kisha akamshika Mama mikono yote miwili, akasubiri aanguke.

Mama hakuanguka.

"Najua," akasema Mama.

"Mama?"

"Najua tangu picha ya pili. Chini yake kumeandikwa: habari za asubuhi mama mpendwa. Chiriku na habari za asubuhi wapi na wapi? Yule alikuwa ananitumia sauti dakika sita kuniambia amenunua soksi." "Ningekosaje kujua mwanangu amenyamaza?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nilijua ni nyinyi mnaotuma! Si mkwe wangu ndiye aliyeniwekea namba hiyo mpya? Nikasema, kumbe wanangu wanajua alipo. Kuna mtu mbaya anamkimbia, wamemficha mahali, wanatuma picha ili watu waamini. Basi na mimi nikasaidia. Yule mama alipopiga, nikampa picha aende zake. Nilikuwa namlinda." Akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Yuko wapi? Mmemweka wapi? Si mnajua?"

Akamgeukia aliyekaa sakafuni.

"Mkwe wangu. Si unajua?"

Fundi wa miwani alilia waziwazi, bado sakafuni.

Nyumba nzima, kila mmoja alikuwa amelala usingizi akiamini mwenzake ndiye mwenye funguo.

"Halo?" ikasema simu. "Mama, bado upo?"

"Nipo."

"Nimesikia yote. Na ningependa kumwamini huyo aliyezungumza. Ni nani?"

"Ni binti yangu mkubwa. Mchoraji."

Karatasi zikapinduliwa upande wa pili.

"Huyo binti mkubwa, amewahi kufika huku?"

"Sijawahi," akasema Mchoraji. "Hata mara moja."

"Jumanne ya wiki iliyopita mwanamke alikuja kwenye ile nyumba ya ghorofa. Alisema ni dada yake. Alisema mdogo wake amefariki, amekuja kuchukua vitu vyake. Alijua vilipo, hadi barua zilizofichwa ndani ya godoro. Akasaini, akaondoka na sanduku. Ndiyo maana tumefungua jalada." Akakohoa. "Getini kuna kamera. Nakutumia ilichoona, mama. Niambie kama unamjua."

*Ting.*

Mama akaishusha simu ili wote waone. Picha ilifunguka kutoka juu kwenda chini, polepole: tarehe, geti, kofia ya mlinzi. Sanduku la kijani la Chiriku. Mkono ulioshika sanduku. Halafu uso, umeinuliwa moja kwa moja kuitazama kamera, bila haraka, kana kwamba ulitaka uonekane.

Ulikuwa uso wa Mchoraji.

"Si mimi," akasema Mchoraji. "Mama, Jumanne nilikuwa hapa. Nilikuwa peke yangu, nachora. Si mimi!"

Akamgeukia mume wake. Fundi wa miwani alikuwa amesimama, ameacha kulia, anaikodolea macho simu.

"Hii sikuitengeneza mimi," akanong'ona. "Naapa. Hii sijui imetoka wapi."

"Mama," ikasema sauti ya mpelelezi, na sasa haikuwa kavu tena. "Nisikilize vizuri. Usiwajibu. Uko karibu na mlango?"

Mchoraji akanyoosha mkono. "Mama..."

Mama aliutazama mkono huo wenye rangi kwenye kucha zote. Aliutazama uso kwenye simu, kisha uso ulio mbele yake, na hakuuliza tena swali lolote.

Akarudi nyuma hatua moja.